Sura Niliyokutumia Si ya Neema

Wandegeya, Kampala
Jumanne asubuhi

Mume wangu Papa Neema,

Nakusalimu kwa upendo, mimi pamoja na mwanao Baraka, ambaye amesimama ubavuni mwangu akiniuliza kama baba yake anaujua mwandiko wangu. Miili yetu ni mizima. Natamani kujua kama nawe u mzima, kama kifua kimeacha kukubana asubuhi, na kama mapigano tunayosimuliwa na watu wanaotoka huko yamekaa mbali na mtaa wetu. Sina njia ya kukuuliza. Tangu mtandao ukatwe Uvira nakupigia kila ninapopata nafasi, na kila mara najibiwa na sauti ileile ya mwanamke kwamba hupatikani. Siku hizi hata kabla hajamaliza kusema nimeshakata.

Barua hii anakuletea Mama Riziki, mwanamke wa kwetu anayenunua vitenge hapa na kuviuza Uvira. Anaondoka kesho kwa basi. Nimemwapisha akupe mkononi, asimwachie jirani, asiiweke chini ya mlango.

Papa Neema, kabla hujasoma mbele, nakusihi: usiuze nyumba. Kama umepata mnunuzi, mwambie umebadili nia. Kama umefunga mizigo, ifungue. Yule mtoto niliyekutumia picha yake nikakuambia nimempata, si Neema wetu. Ni mtoto wa watu, ana mama yake na baba yake, nami mama yake nimemwona.

Sentensi hiyo nimeiandika kwenye karatasi nyingine nikaichana, nikaiandika tena nikaichana. Najua umekaa wapi unapoisoma. Umekaa kwenye kile kiti chako karibu na mlango, na sasa umeishusha barua magotini. Pumzika kidogo, halafu endelea, maana nataka ujue yote yalivyokwenda. Usije ukadhani nilikuchezea.

Unakumbuka tulivyogawana kazi baada ya siku ile ya uwanja wa shule. Risasi zilipoanza, marehemu mama yako ndiye aliyekuwa amemshika Neema mkono, mimi nina Baraka mgongoni, wewe una godoro kichwani. Tulipomkuta mama amelala chini, mtoto hayupo, hatukuwa na muda hata wa kulia vizuri. Watu wakasema kuna lori lilipakia watoto waliopotea na kuelekea njia ya Uganda. Wewe ukasema utabaki nyumbani, ili Neema akirudi kwa miguu yake amkute mtu. Mimi nikafuata lori. Nimepita kambi za wakimbizi, nimepita nyumba za watoto, nimeuliza kwa masista na kwa polisi, mpaka nikaishiwa nguvu za kuuliza nikabaki hapa Kampala. Hayo unayajua. Ila kazi yangu ya hapa sikuwahi kukueleza vizuri, na ndiko mambo haya yalikoanzia.

Duka ninalofanyia kazi liko ghorofani, chini yake kuna wachoma kuku, na kuanzia mchana moshi wote wa kuku unapanda kwetu. Mwenyewe tunamwita Ssalongo, kama wanavyomwita kila baba wa mapacha huku. Tunapiga picha za pasipoti, tunachapa kazi za wanafunzi wa chuo, lakini kazi yangu hasa ni kutengeneza picha kwenye kompyuta. Mwanafunzi akitaka ngozi isiyo na chunusi, namfuta chunusi. Aliyekosa joho siku ya mahafali, namvalisha joho. Mtu akifiwa na hana picha nzuri ya marehemu ya kuweka juu ya jeneza, ananiletea picha ya harusini ambamo marehemu amesimama nyuma ya watu na chupa ya soda mkononi. Namtoa humo, naondoa soda, namvalisha suti na tai, nampa ukuta wa bluu nyuma yake. Familia inakuja kuchukua, inalia, inanishukuru. Nimekuwa fundi, Papa Neema. Ukiniletea uso uliochanika, utautoa hapa mzima.

Ninafanya kazi hii na msichana mmoja aitwaye Aber, Mwacholi, baba yake alikuwa askari. Amekulia kambini, na Kiswahili chake ni cha kambini, kinavunjika miguu na mikono lakini kinatembea. Yeye ndiye ndugu yangu wa hapa. Yeye, Ssalongo na wateja, wote wananiita Mama Neema, kwa sababu siku ya kwanza ndivyo nilivyojitaja. Basi wateja huniuliza: Neema yuko darasa la ngapi? Mimi huwajibu. Nimekuwa nikimpandisha darasa kila mwaka.

Ile picha yake moja iliyobaki, ya Krismasi, amesimama mlangoni kwetu na gauni la njano, nilikimbia nayo kifuani. Ilikunjwa na jasho likaingia. Mkunjo ulipita katikati ya uso, kuanzia shavu la kushoto mpaka chini ya mdomo, na rangi ikabanduka pale pote. Macho yalibaki. Paji la uso lilibaki. Nilipojua kazi vya kutosha, niliiingiza kwenye kompyuta nikaanza kuiziba. Nilikuwa naifanya kidogokidogo, wakati wa chakula cha mchana, wenzangu wakishuka kula. Ilipotengemaa, nikataka zaidi. Nikasema, huyu ni mtoto wa miaka minne, na mtu ninayemtafuta leo ni msichana wa miaka tisa. Nikamkuza. Nikarefusha uso, nikashusha kidevu, nikakaza mashavu, kwa kila ninachokijua katika kazi hii. Siku niliyomaliza nilimtazama nikamwambia, umekuwa mrefu mama. Aber alinisikia akajifanya hajasikia.

Sasa, Ssalongo alikuwa ameweka programu mpya ya kutunza picha, maana zetu zilikuwa zimetapakaa kila mahali, hatujui ya nani iko wapi. Programu hiyo ukiiingizia picha inazipanga yenyewe kwa tarehe. Halafu inatazama nyuso. Inakusanya nyuso za mtu mmoja mahali pamoja, na ukiandika jina chini ya uso, inakwenda kumtafuta mtu huyo katika picha zote zilizomo, hata za miaka ya nyuma, hata akiwa amesimama mbali kwenye umati. Ikipata anayefanana inakuletea nyuso mbili kando kwa kando na kukuuliza: ni mtu mmoja? Unabonyeza ndiyo au hapana.

Unaelewa mara moja nilichokifanya. Kila mpiga picha wa mji huu huleta kadi zake kwetu. Harusi, ubatizo, shule, mazishi, mikutano ya injili, maelfu ya watu wanapita katika mashine ile. Nikaiweka picha ya Neema aliyekua humo ndani, nikaandika jina lake. Tangu hapo, kila asubuhi nikifika, kabla sijavua hata koti, nafungua kwanza pale. Kwa muda mrefu alikuwa peke yake. Mara mojamoja iliniuliza kuhusu mtoto fulani, nami nikitazama naona siye, nabonyeza hapana. Nilikuwa nabonyeza bila kuumia, maana angalau kulikuwa na kitu kinachomtafuta wakati mimi nimelala.

Basi ikaja kadi ya Kizito. Huyu ni mpiga picha wa upande wa Ggaba, kule ziwani. Alileta picha za kipaimara cha kanisa moja la huko, watoto wamevaa nyeupe wamebeba mishumaa. Niliingiza kadi, nikaenda kumhudumia mteja wa pasipoti, niliporudi swali lilikuwa limeshatokea kwenye kioo. Upande huu Neema wangu. Upande huu msichana mwenye kitambaa cheupe kichwani. Ni mtu mmoja?

Papa Neema, nilikaa chini. Mashavu ni yaleyale. Mdomo ni uleule, na ile njia ya kuufunga kama mtu anayezuia kucheka. Nilimwita Aber. Alikuja na mkasi mkononi, akainama.

“Mama Neema,” akasema, “hii ni yeye.”

Nikakimbia ngazi mpaka chini, nikamkuta Kizito bado anakula kuku. Nikamwonyesha kwenye simu. Nikamuuliza, huyu mtoto unamjua?

“Namjua sura tu,” akasema. “Nadhani anaitwa Grace.”

Grace! Wewe ndiye uliyemchagulia jina la Neema, na Kiingereza unakijua kunishinda. Sikuhitaji kingine. Nikasema, wamemwokota, wakamuuliza jina, wakaligeuza kwa lugha yao. Nikarudi juu nikakukatia ile picha, nikakutumia na neno moja: nimempata. Ulinijibu kwa sauti, ukilia mpaka sikukusikia vizuri, nikaisikiliza tena na tena nimejifungia chooni: nauza nyumba, nakuja, mwambie baba anakuja. Nikakuandikia subiri kwanza niende nimwone. Ujumbe huo haukufika. Alama yake mpaka leo ni ileile, umetoka kwangu lakini haujaingia kwako. Jioni hiyo ndiyo mtandao wenu ulikatika.

Jumapili nikaenda Ggaba. Nilimwacha Baraka kwa Aber. Nilivaa kile kitenge ulichonunua Bujumbura, ambacho Neema alikuwa analala amejifunika, nikijiambia huenda akakijua kwa harufu, nikasahau kwamba nimekifua mara nyingi. Misa ilikuwa imekwisha. Nikawa naonyesha simu kwa kila mtu, mpaka mama mmoja anayeuza dagaa akasema, “Huyo Grace wa Akello. Mama yake anakaanga samaki pale chini, karibu na mitumbwi.”

Nilimwona kabla ya kuambiwa tena. Alikuwa amechuchumaa anaosha sahani kwenye beseni, mgongo kwangu. Nikasimama nyuma yake nikaita, “Neema.”

Hakugeuka. Nikaita tena kwa nguvu. Ndipo akainua kichwa, akanitazama, halafu akatazama nyuma yangu kuona ni nani anayeitwa.

Ningejua pale pale. Mtu mwenye akili angejua. Mimi nilipiga magoti kwenye maji ya samaki nikamshika mikono yote miwili, nikamwambia kwa Kiswahili cha kwetu, mwanangu, ni mimi, mama, nimekutafuta. Mtoto akapiga kelele. Akaja mwanamke mrefu na kijiko cha kukaangia bado kinadondosha mafuta.

“Achia mtoto! Wewe nani? Wewe nataka nini na mtoto yangu?”

Watu wakajaa. Unajua mji ulivyo, siku hizi kuna habari za wizi wa watoto kila mahali. Nikasikia mtu nyuma anasema kwa Kiganda maneno ninayoyaelewa sana, kwamba mwizi ameshikwa. Mwanamume mmoja akanivuta kitenge. Sikujitetea. Nilinyoosha simu tu, nikasema, mtazame, mtazame mwenyewe, huyu ni mtoto wangu aliyepotea Kongo.

Akello akaichukua simu. Alitazama ile picha niliyoitengeneza, ya Neema aliyekua. Hasira ikamtoka usoni, kikaingia kitu kingine, kama hofu.

“Hii ni Grace,” akasema polepole. “Mdomo ni yake. Hii hapa chini yote ni yake. Lakini macho si yake. Nani alifanya hii?”

Sikumwelewa. Nilidhani anakwepa. Nikamwambia, niambie ukweli dada, ulimtoa wapi? Sikushitaki. Niambie tu ulimtoa wapi.

Angeweza kuniacha mikononi mwa wale watu, Papa Neema. Mume wake ni polisi, angeweza kumpigia simu. Badala yake aliwafukuza watu wote kwa kile kijiko, akaniletea kigoda, akaketi juu ya kreti karibu nami mpaka mabega yetu yakagusana. Akatoa simu yake, akafungua picha zake.

“Tazama,” akasema. “Mimi napiga mtoto yangu picha kila wakati. Baba yake walimpeleka kazi mbali, huko Karamoja, basi mimi namtumia.”

Akaanza kuzirudisha nyuma kwa kidole. Grace na gauni la kipaimara. Grace na sare ya shule. Grace amelala juu ya meza, kitabu usoni. Simu ile inaandika mwaka juu ya picha, na mwaka ulikuwa unapungua kila alivyovuta. Grace hana meno ya mbele. Grace kwenye bega la baba mwenye sare. Nilikuwa nasubiri, Mungu anisamehe, nilikuwa namsubiri afike mahali picha zikatike. Nilijua mwaka wetu. Nilisema moyoni, tukifika mwaka ule hakutakuwa na kitu, na hapo atashindwa kusema. Tukafika mwaka ule. Grace yupo, ameshika mkia wa samaki, analia. Tukaupita. Mtoto anazidi kupungua, mashavu yanazidi kujaa, anatambaa, anakaa kwenye beseni la plastiki, mpaka kidole kikakwama na picha haziendi tena. Ya mwisho ilikuwa Akello mwenyewe, amelala kwenye kitanda cha zahanati, uso umemvimba, na kifuani kitu kidogo kilichozungushiwa khanga.

“Hapa saa ileile nimezaa,” akasema. “Hapo nyuma hakuna. Hapo nyuma yeye hakuwa.”

Nikasikia sauti mbaya sana, sikujua kwamba ni yangu. Grace alikuwa amerudi karibu, amejificha nyuma ya mama yake, nikamsikia anauliza, “Mama, huyu analilia nini?” Akello akamjibu, “Analilia mtoto yake.” Mtoto akasema, “Mimi?” Mama yake akasema, “Hapana. Mwingine.”

Walinifungia samaki kwenye kavera, mfuko wa plastiki. Akello alinisindikiza mpaka barabarani. Hakuniambia neno la kunifariji, na kwa hilo namshukuru.

Nilipofika kwa Aber kumchukua Baraka, mlango ulikuwa wazi, naye amesimama kizingitini anatazama nyuma yangu vilevile alivyotazama yule mtoto. Nilikuwa nimeshamwambia dada yake anakuja. Alikuwa amepunguza nguo zake kwenye sanduku ili za dada zipate nafasi. Akauliza, “Yuko wapi?” Nikasema, “Hajafika.” Nimesema hajafika. Sijapata neno jingine mpaka leo. Alikula samaki wote peke yake, nami nilimwacha ale.

Jana nilienda kazini kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Nikamweleza Aber yote, pamoja na lile la Akello kwamba mdomo ni wa Grace na macho si yake. Aber aliacha alichokuwa anafanya. Akaketi kwenye kompyuta yangu, akafungua lile faili nililomtengenezea Neema. Unapotengeneza picha hivi, huchori juu ya ile ya zamani, unapanga tabaka juu ya tabaka, kama karatasi nyembamba za kuonyesha ndani, na kila tabaka unaweza kulizima peke yake. Aber akazima la kwanza, rangi ikabadilika. Akazima la pili, nywele zikapungua. Akazima la chini yake, na mashavu yakatoka, na mdomo, na kidevu. Pakabaki macho mawili na paji la uso, na chini yake shimo lenye mistari ya mkunjo.

“Hii uliitoa wapi?” akaniuliza.

Nikakumbuka. Mwaka huu mwanzoni Kizito alileta picha za vitambulisho vya shule moja, watoto mamia, nikazisafisha zote mchana mmoja. Nilikuwa nahitaji mashavu ya msichana wa miaka tisa ya kuziba yale yaliyobanduka. Nikachukua kwa mmoja wao aliyenipendeza. Jina lake sikulisoma. Hivyo ndivyo tunavyofanya kila siku katika kazi hii, unaazima mkono wa huyu, bega la yule, unalainisha mpaka hata wewe mwenyewe huoni mshono. Sikufikiri tena juu yake. Aber akaitafuta ile picha ya kitambulisho katika mafaili ya zamani, ambayo hayakuwahi kuingizwa kwenye programu, akaifungua. Alikuwa Grace. Akaliwasha lile tabaka peke yake, likakaa juu ya kioo bila macho, likiwa na ule mdomo wa kuzuia kucheka ambao niliulilia nikasema ni wa mwanangu.

Mashine haikukosea, mume wangu. Iliulizwa kama ni mtu mmoja, na kweli ilikuwa mtu mmoja.

Aber alinishika shingo kwa nyuma. “Mama Neema, wewe si mwenda wazimu,” akasema. “Mimi pia niliangalia, mimi pia nilisema ni yeye.” Ssalongo akaniambia nikapumzike nyumbani wiki nzima, nikamwomba asinifukuze siku ile, akaniacha.

Nikaifuta ile picha. Programu inakuuliza kama una hakika. Nilibonyeza.

Sasa sikiliza jambo baya kuliko yote. Baada ya kuifuta nilifumba macho ili nimwone Neema kama alivyokuwa. Aliyekuja ni Grace. Nikafungua, nikafumba tena, ni Grace. Nimekaa na ile sura niliyoitengeneza muda mrefu mno, nikiitazama kila siku, mpaka imemfunika mwanangu ndani ya kichwa changu. Macho yake ninayo, yako kwenye ile picha ya Krismasi. Sehemu ya chini ya uso wake sina. Nilimzaa, nilimlisha kwa mdomo ule, na siujui ulivyokuwa. Nikimwuliza Baraka nitakuwa nimemwonea, alikuwa mtoto wa mgongoni. Hapa Kampala nzima hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwona. Umebaki wewe peke yako.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. La kwanza, ile picha niliyokutumia ifute kwenye simu yako leo, usiitazame hata mara moja zaidi, isije ikakufanyia ilichonifanyia mimi. La pili, niandikie. Chukua karatasi uandike alivyokuwa. Kishimo kilikuwa shavu gani, au hakikuwapo? Alipokasirika alifanyaje na midomo? Alifanana na marehemu mama yako hapa chini, au na mimi? Meno yake yalipishana? Andika hata vitu unavyoona ni vidogo. Usitumie picha, usitafute mchoraji. Nataka maneno yako tu, wewe uliyekuwa unamlisha uji. Mpe Mama Riziki, atarudi mwezi ujao. Nitayasoma mpaka yashike.

Najua utaniuliza kama sasa tukae matanga. Shangazi Mapendo, dada yako, amekuwa akisema hivyo tangu mwaka wa kwanza, na mimi nilimkasirikia. Sasa simkasirikii. Lakini sijui nimlilie nani. Tutamlilia mtoto wa miaka minne, au tutamlilia huyu wa tisa nisiyemjua? Sina nguvu ya kuamua, Papa Neema. Sina nguvu ya kutafuta pia. Nikiona watoto wanatoka shule navuka barabara.

Nisalimie shangazi Mapendo, mwambie nimeomba anisamehe kwa maneno yale makali. Nisalimie mzee jirani yetu fundi viatu, anayekulindia mlango ukienda kusali, na mkewe anayekuletea bakuli la sombe. Msalimie mwalimu mwenzako aliyekuwa ananiandikia barua zangu za kwanza tulipokuwa naye kambini, kabla hajarudi huko, umwambie sasa najiandikia. Baraka anasema nikuambie anajua kuandika jina lake, na kwamba ukija uje na mpira. Kaburi la mama lisafishe kwa ajili yangu.

Na neno la mwisho. Mimi nimewahi kumshika mtoto asiye wangu nikasema ni wangu, kwa sababu ya uso. Naogopa wewe utafanya kinyume, utakuja kumwona aliye wako useme siye. Hakuna kati yetu anayejua amekuwaje sasa. Basi akitokea msichana yeyote akabisha hodi mlangoni kwako, usimlinganishe na kitu chochote. Fungua. Mpe maji, mpe chakula, mwache akae. Ndipo umuulize anaitwa nani.

Mimi mkeo,
Mama Neema